Tupeane uzoefu: laptopu za gemu kuchemka na kukwama msimu huu wa vumbi Dodoma

Zabibu_Chungu: Wakuu, upepo wa Julai umeshaanza, kuanzia Ihumwa mpaka Nkuhungu vumbi linaingia hadi kabatini. Laptopu inavuta hewa kwa chini kutwa nzima. Dakika kumi za mwanzo gemu linakimbia fremu 90 kwa sekunde, halafu 35, na feni inapiga kelele. Tupeane uzoefu, ila weka namba: joto, kasi ya prosesa, mfumo endeshi.

Bisibisi_Majengo: Nyingi zikifunguliwa zina ugonjwa mmoja. Feni inaonekana safi, kumbe kati yake na vibati vya hitisinki (chuma kinachotoa joto la chipu) kumelala blanketi la vumbi. Ukilishika kwa kibano linatoka zima, kama kipande cha kitambaa. Hewa haina pa kupita, prosesa inagonga nyuzi 95 hadi 100, inajipunguza kasi yenyewe isiungue.

Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine. Skrubu za hitisinki zina namba: legeza kuanzia kubwa kwenda ndogo, kukaza anza na 1, kila moja nusu mzunguko kwa zamu. Pesti kuukuu (ule uji wa kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki) futa kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu. Chipu ya laptopu iko uchi, haina kofia ya bati, kwa hiyo pesti ifunike uso wote, tabaka jembamba. Tone la katikati linaacha kona kavu. Na vile vipande laini vya kupitisha joto, vinavyokaa juu ya kumbukumbu ya kadi ya picha, pima unene. Ukiweka vya milimita 1.5 palipokuwa na 1, hitisinki inanyanyuka, haiigusi chipu. Hapo utachemka kuliko mwanzo.

Chimwaga_B: Yote hayo ya nini? Bloa (mashine ya kupuliza hewa) kwa nje, dakika mbili, imeisha.

Bisibisi_Majengo: Haijaisha ndugu yangu. Kwa nje unalisukuma blanketi lirudi kwenye feni. Na feni ikizungushwa na bloa kupita kasi yake inaua beringi. Ishikilie kwa kijiti.

Mgogo_wa_Linux: Kabla ya bisibisi, pima. Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux): weka programu ya lm-sensors, andika `sensors` uone joto; kadi ya picha ya Nvidia, `nvidia-smi`. Kama `nvidia-smi` haijibu, huenda unatumia nouveau, draiva huria isiyo ya Nvidia wenyewe, ambayo kwa kadi nyingi za GTX 10 haiwezi kupandisha kasi. Gemu linakwama huku mashine baridi. Halafu andika `powerprofilesctl set performance`, mashine iache kubana umeme.

Chimwaga_B: Hamia Windows, mateso yaishe.

Mgogo_wa_Linux: Vumbi halijui Windows. Huko pima joto kwa programu ya HWiNFO, na kwenye mpango wa umeme shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 hadi 99. Kasi ya ziada inazimika, joto linashuka wazi, na gemu linaloegemea kadi ya picha halipotezi kikubwa.

Fundi_Kisasa: Sikilizeni hili. Mashine imesafishwa, pesti mpya, joto nyuzi 48, lakini gemu halitembei kabisa. Windows imefutwa na kuwekwa upya mara tatu, mwenyewe anaambiwa ubao mama umekufa. Ukitazama kasi: prosesa ya Intel imeganda gigahezi 0.8, haipandi hata iweje. Ukichomoa chaja, inapanda! Kosa ni chaja. Zile zenye sindano katikati, sindano ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda, au uzi wake mwembamba ukikatika, mashine haijui ni wati ngapi, inajifunga. Ingia bayosi (mipangilio inayofunguka mashine ikiwaka, kabla ya Windows) usome aina ya chaja. Ikiandika haijulikani, umemaliza uchunguzi.

Mama_Kompyuta: Hii ya sindano ni kweli tupu.

Chimwaga_B: Weka ThrottleStop, programu ya kuongoza kasi ya prosesa, toa tiki ya BD PROCHOT (amri ya nje inayoibana prosesa), unacheza.

Fundi_Kisasa: Usimpe mtu hiyo. Tiki hiyo ni ulinzi. Chaja ya wati 65 ikilazimishwa kubeba mashine ya 180 inaweza kuchemka kupita kiasi au kujizima. Nunua chaja sahihi.

Zabibu_Chungu: Turudi kwenye vumbi jamani. Stendi yenye feni inasaidia?

Mama_Kompyuta: Nyanyua nyuma sentimita tatu kwa vizibo vya chupa, inatosha. Tuko mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni inaondoa joto pungufu. Usiiweke kitandani.

Bisibisi_Majengo: Na hapa kwetu fungua kila miezi sita, si mwaka.