Blu-ray (diski ya video kali) ya filamu ya kutisha kutoka Marekani haichezi

Muulizaji, Ibanda: Ndugu zangu wa Bukavu, mashine inakataa hii diski. Na ile DVD ya mtaani Kadutu, matukio ya usiku ni weusi mtupu. Nihakiki nini?

Jibu: Kaka, Blu-ray ya Marekani mara nyingi ni ya kanda A (kanda ni eneo la dunia ambalo diski imefungiwa), Afrika ni kanda B. Tafuta mashine ya kanda zote. Blu-ray za 4K, zile za picha kali zaidi, hazina kanda.

Jibu: Usilaumu DVD kwanza. Mashine ikitoa viwango vya mwanga 0–255 (toka weusi hadi weupe) na televisheni ikingoja 16–235, vivuli vinamezwa. Weka kiwango kimoja pande zote mbili kwenye menyu. Giza likibaki na vipande vya mraba, data ya picha imebanwa mno, hilo liandike kama kasoro. Punje (vitone vidogo vya asili) za filamu ya milimita 16 si kasoro, jamani! Nyuso laini kama nta ndiyo kasoro: wamesugua punje kupita kiasi.