Naomba ushauri: mashine ya kufungasha vinyago vya kukusanya

Habari za leo wakuu. Nina karakana ndogo hapa Sakina, Arusha. Tunachonga wanyama wadogo wa mbao, seti ya watano: simba, tembo, chui, nyati, faru. Kila mmoja ana pakiti yake, na mnunuzi hajui kapata nani mpaka afungue. Nimeacha kufunga kwa mkono, nimenunua mashine ya mkanda inayobana kwa joto. Sasa pembe ya faru inatoboa nailoni, na pakiti nyingine zinapita tupu au zikiwa na wanyama wawili. Nimepunguza joto na mwendo, wapi! Mzani nao unakamata tupu tu. Zenye wawili unaziacha, maana chui wawili wana uzito wa tembo mmoja.

Nailoni ya unene gani itahimili pembe? Na pakiti yenye wawili nitaikamataje bila kuifungua?