Naomba ushauri: wasifu wa mama kwenye Misa ya kumbukumbu

Habari zenu ndugu zangu. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, tutamfanyia mama Misa ya kumbukumbu nyumbani Marangu, mwaka mmoja tangu tulipomzika kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Mimi kifungua mimba nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na nimekwama.

Mama alitulea saba kwa ndizi na maziwa ya ng'ombe wawili. Aliamka kabla ya kengele ya kanisani, akawasha moto, akasali rozari huku akimenya ndizi. Punje za rozari yake ziligeuka nyeusi kwa utomvu. Alikuwa mwana-WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) hodari, na jumuiya ikiwa na mgonjwa, yeye ndiye aliyempelekea uji kwenye chupa ya chai.

Wadogo zangu wanataka nitaje vyeo vyake vya parokiani. Mimi naona ule uji ndio mama mwenyewe. Na paroko ametupa dakika tano tu.

Mliowahi kusoma wasifu wa mzazi, mlianzia wapi? Mlifanyaje sauti isikatike? Na rozari yake, niitundike kwenye msalaba wa kaburi au nimpe mjukuu aliyebatizwa kwa jina lake?