Mnaotega sumu ya kunguru uani: mmeua paka na kuku, kunguru wapo pale pale

Ndugu zangu wa Mombasa, leo nimeshindwa kunyamaza.

Jumanne asubuhi nimetoka uani kuanika nguo, nikakuta paka wawili wa jirani wamekakamaa kando ya tangi la maji, povu midomoni. Hatua tatu mbele, matetea yangu mawili yaliyokuwa yakitaga, chali. Juu ya ukuta kulikuwa na kipande cha sahani na matumbo ya samaki yaliyochanganywa na dawa. Kijana wangu ana miaka minne. Hapo kwenye tangi ndipo anapochezea michanga kila siku akitoka chuo cha Kurani.

Kunguru je? Walikuwa juu ya mwarobaini wanapiga kelele, wazima wote. Walimwona mtu akiiweka ile sahani, na kunguru akishamshuku mtu hali chake.

Aliyefanya hivyo hakuficha. Ni jirani wa ghorofa ya pili, akaniambia usoni: "Mama, nimechoka, nimenunua dawa ya panya nimewawekea." Nikamuuliza, na mtoto wangu angeokota? Akasema mtoto afungiwe ndani. Mtoto afungiwe ndani ya chumba kimoja, joto hili la Kisauni, ili yeye amwage sumu uani kwa wote!

Msidhani nawatetea kunguru. Hakuna aliyeteswa nao kama mimi. Nauza viazi karai na bajia barazani kila jioni, na nikigeuka kuchukua ukwaju tu, kiazi kimeondoka. Ng'onda nikianika juu ya bati lazima mtu akae na fimbo. Sabuni ya kipande wanaibeba, sijui wanaitakia nini. Kabla ya adhana ya alfajiri washaanza, kucha zao kwenye mabati kama mtu anayekokota minyororo. Wakiwa na makinda ndiyo balaa zaidi: mwezi uliopita binti yangu alipigwa mdomo kichwani akitoka na sare ya shule, damu ikamtiririka hadi kwenye kola. Methali yasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hawa wa kwetu hawakimbizi chochote, hukujia.

Na si ndege wa hapa. Wazee wa Mji wa Kale watawaambia. Huyu mwenye shingo ya kijivu ni wa Bara Hindi. Waingereza walimleta Unguja miaka ya 1890 ale takataka za mji, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa, bandarini. Kunguru wetu wa asili ni yule mkubwa mwenye kifua cheupe, na siku hizi mjini unaweza kukaa wiki nzima hujamwona.

Kinachoniuma hasa ni kwera, wale ndege wadogo wafumaji. Mbele ya dirisha langu kuna mnazi, na kwenye makuti yake kwera walikuwa wakifuma viota, madume ya manjano yananing'inia kichwa chini kutwa yanashona. Mwaka jana mimi na wanangu tulihesabu viota kumi na moja. Mwaka huu vitatu. Nimewaona kwa macho yangu kunguru wawili wakishirikiana: mmoja anakitikisa kiota, mwingine anangoja chini, kinda likianguka analo. Kijana wangu alilia siku ile hadi akalala bila kula. Ndege chozi, wale wanyonyaji wa maua, waliokuwa wakija kwenye maua ya bibi wa chumba cha nyuma sijawaona tangu mvua za masika. Ndege shore bado anakuja, mmoja tu, akiimba anaimba kwa haraka kama aliyeitwa.

Kwa hivyo nataka wapungue, tena sana. Lakini si kwa sahani ya matumbo ukutani!

Nitawaeleza, kwa sababu watu wanachanganya mambo. Januari 2024 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja Pwani. Watu wakasikia neno "sumu" wakakimbilia maduka ya dawa za panya. Sumu ya mpango ule si hiyo. Inaitwa Starlicide, huagizwa kutoka ng'ambo kwa kibali, na wanaoitega ni watu waliofunzwa. Kwanza kunguru huwekewa nyama safi siku kadhaa mahali pamoja, wazoee, wasishuku. Ndipo siku moja nyama iwe na dawa. Inaua polepole, kunguru anakwenda kufia mbali na pale alipokula, na wakati huo mwili wake umeshaivunja nyingi, ndiyo maana paka akiokota mzoga hatari ni ndogo. Malindi na Watamu ilitumika zamani na watu waliona kunguru wakipungua. Dawa ya panya haina habari hiyo. Panya, paka, kuku, mwewe, mtoto, yeyote atakayegusa. Mzoga nao unabaki na sumu yake.

Na hata hao milioni wangekufa kesho, wangerudi tu. Kwa nini wasirudi? Njooni mtazame kichochoroni kwetu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 taka zinatolewa kwenye magunia, na gunia halifungwi, linaegemezwa ukutani usiku kucha. Wali wa shughuli, ngozi za kuku, maganda ya maembe. Muuza samaki wa kona anapaa magamba palepale na matumbo anayasukuma kwa mguu hadi mtaroni. Kila nyumba inatoa pesa ya taka kila mwezi. Vijana wa mkokoteni wanakuja mara moja kwa wiki, wiki nyingine hawaji, na wakija wanachukua la juu wanaacha la chini. Kunguru anakula vizuri kuliko wanetu. Jike lililoshiba hutaga mayai matatu, manne, hata matano, na makinda yote yanalishwa hapo hapo kichochoroni. Tunafuga kunguru kisha tunawalaani!

Huyo jirani wa ghorofa ya pili, mwenye sumu, taka zake anazirusha kutoka dirishani. Nimemwona si mara moja. Nikimwambia ananiita mama maneno.

Sasa kuna hili la mwarobaini. Mwenye nyumba amepigiwa simu, akaambiwa kuna viota vinne juu. Jibu lake limekuwa moja: mti ukatwe. Mti ambao wapangaji wote wa vyumba vya chini tunakaa kivulini mwake tangu saa sita hadi alasiri, ambao watoto wakipata tetekuwanga tunachuma majani yake kuwaogeshea. Mwarobaini hauchukui siku mbili kukua. Na kunguru hataki mwarobaini, anataka mahali pa juu. Nendeni Kongowea mkatazame nguzo za stima. Wanajenga kwa nyaya, vibanio vya nguo, vipande vya seng'enge, popote. Mkikata mti watahamia kwenye nguzo iliyo mbele ya dirisha lile lile, nasi tutabaki na jua na kunguru pamoja.

Kiota kinaweza kushushwa kwa upondo mrefu kabla ya mayai kuanguliwa, mtu avae kofia ngumu, kwa sababu watamshukia. Kikishushwa watajenga tena, unashusha tena. Ni kazi, ndiyo. Lakini kazi hiyo haiui kuku wa mtu.

Nimewaomba wapangaji wenzangu tununue mapipa mawili ya bati yenye vifuniko vizito. Fundi wa kuchomelea hapa Bombolulu ameniambia bei, tukigawana vyumba tisa haifiki hata pesa ya bajia ya siku tatu. Wanne wamekubali. Bibi wa chumba cha nyuma ametoa wa kwanza, na yeye ndiye mwenye kidogo kuliko sote. Waliobaki wanasema kunguru ni kazi ya serikali.

Mwenye nyumba amesema mwenye msumeno anakuja Jumatatu. Sitaki ushauri wa kuhama, nimeishi hapa miaka kumi na mbili. Nataka mtu anayejua ofisi ya kaunti inayoshughulikia miti ya mitaani aniambie iko wapi na wanafungua saa ngapi, ili niwe hapo mapema kabla msumeno haujafika. Na aliyewahi kuita watu wa mpango wa kunguru wakafika mtaani kwake, anieleze alianzia wapi. Paka nimewafukia mwenyewe, kina kirefu, pamoja na matetea, ili mbwa wasiwafukue.