oathtool inanipa namba lakini seva inazikataa, msaada wakuu

kijana_chikongola
Wakuu habari za jioni, niko hapa Mtwara mjini. Juzi navuka na pantoni kwenda Msangamkuu simu ikanitoka mkononi ikaenda na maji, na ndani yake ndo kulikuwa na ile programu ya namba sita za kuingilia kwenye seva. Hiyo seva tunaweka daftari la salfa la wakulima wetu wa korosho, nani kachukua mifuko mingapi, na kesho asubuhi wanakuja kuchukua mingine kwahiyo nimebanwa kwelikweli. Bahati nzuri siku najiandikisha niliandika kwenye karatasi ile siri, yale maherufi marefu yanayokaa chini ya picha ya QR. Nimesoma kwamba laptopu yenyewe inaweza kutoa hizo namba kwa programu ya oathtool, nikaweka:

`sudo apt install oathtool`
`oathtool --totp -b SIRIYANGU`

Namba zinatoka vizuri tu lakini kila nikiingiza naambiwa sio sahihi. Nimejaribu mara nne nikaacha naogopa kufungiwa. Nakosea wapi?

fundi_masasi
Pole sana kaka. Umefanya vizuri kuacha, usijaribu tena kwanza. Swali moja, namba inabadilika kila baada ya nusu dakika au ni ileile? Maana ukisahau kuandika --totp inakupa namba ya kuhesabu, ile ya HOTP, inaanzia sifuri na haibadiliki hata ukae hapo mpaka asubuhi.

kijana_chikongola
Inabadilika mkuu, --totp nimeweka.

dada_wa_lindi
Mimi ningeanza na hiyo karatasi. Siri ya aina hii inatumia herufi A mpaka Z na tarakimu 2 mpaka 7 basi, hakuna 0 wala 1 wala 8 wala 9. Ukisoma O ukaandika 0 oathtool inagoma palepale haikupi namba kabisa, hiyo ni afadhali maana unajua umekosea. Hatari iko kwenye S na 5, Z na 2, G na 6, hizo zote zinakubalika kwahiyo inakutolea namba nzuri kabisa ambayo sio yako. Mwandiko wa haraka unachanganya sana hapo, mwite mtu mwingine akusomee herufi moja moja wewe ukiandika.

kijana_chikongola
Asante dada, mdogo wangu kanisomea yote, iko vilevile.

fundi_masasi
Basi ni saa. Hizo namba zinatengenezwa na vitu viwili tu, siri yako na muda, muda wenyewe unahesabiwa kwa sekunde tangu 1970 kwa saa ya UTC, ile saa moja ya dunia nzima, halafu unakatwa vipande vya sekunde 30. Laptopu haiiulizi seva chochote, kila mmoja anapiga hesabu kivyake, wakipishana muda wanapishana na namba. Andika `date -u` utuambie inasema nini, na saa ya ukutani saivi ni ngapi.

kijana_chikongola
Hapa ni saa mbili na dakika kumi usiku. date -u inasema 20:10. Si iko sawa?

fundi_masasi
Hapana kaka, ndo ugonjwa wenyewe huo! Sisi tuko mbele ya UTC kwa masaa matatu, saa mbili usiku hapa date -u ilitakiwa isome 17:10. Inaelekea ulirekebisha saa kwa mkono huku laptopu ikiamini iko kwenye UTC, ukiangalia pale juu unaona saa sahihi kumbe ndani imetangulia masaa matatu, yaani vipande 360. Seva nyingi zinavumilia kipande kimoja nyuma au mbele, sio 360. Washa data ili laptopu ijipangie saa yenyewe kwa mtandao, halafu:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Subiri kidogo, date -u ikisoma sawa ndo ujaribu.

kijana_chikongola
IMEKUBALI!! Mungu akubariki sana mkuu. Ni kweli, betri ndogo ya saa imekufa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka huko nikawa naipanga kwa mkono kila siku.

dada_wa_lindi
Hongera. Sasa usiondoke, ile siri umeiandika kwenye komandi kwahiyo imebaki kwenye historia ya teminali, funga teminali kwanza ili iandikwe, fungua nyingine, halafu ingia kwenye `~/.bash_history` ukafute huo mstari. Ukitaka kuendelea na laptopu ifungie siri kwa gpg, programu ya kufunga faili kwa nenosiri, halafu uwe unafanya `gpg -dq siri.gpg | oathtool --totp -b -`, ile alama ya mwisho inamaanisha isome kinachoingia, ila matoleo ya zamani hayana hiyo. Na paswedi ya seva usiiweke kwenye laptopu hiyohiyo, mwizi akiibeba kabeba funguo zote mbili.

fundi_masasi
Hapo kwenye laptopu mimi na dada tunatofautiana kidogo, kwangu mimi hiyo ni ya dharura tu. Ukipata simu nyingine omba siri mpya, ile ya zamani ife.

kijana_chikongola
Nimefuta kwenye historia, na betri kesho naitafuta mjini. Simu nitanunua mwezi ujao kwahiyo kwa sasa nabaki na ya gpg. Karatasi nimempa mama kairudisha kwenye sanduku lake la khanga. Naingia kwenye daftari sasa hivi, wa Newala wanafika saa mbili asubuhi.