Würzburg au Regensburg? Nina nafasi mbili za Ausbildung (mafunzo ya kazi Ujerumani), nishaurini

Binti_Kirumba
Wadau, habari za jioni. Nina barua mbili za Ausbildung ya uuguzi, zote jimbo la Bavaria: moja Würzburg, nyingine Regensburg. Posho zinakaribiana. Yote ni miji ya kando ya mto, na si mikubwa: mmoja una watu kama 130,000, mwingine kama 150,000. Kijerumani cha ngazi ya B2 ninacho. Mnaoishi huko, mngekwenda wapi?

Mzee_wa_Main
Mtu wa Kirumba unauliza Würzburg? Mdogo wangu, Würzburg na Mwanza ni miji dada tangu 1966. Hapa utakutana na madaktari na wauguzi waliowahi kufanya kazi hospitali ya Bugando, hutahangaika kuwaeleza ziwa liko wapi.

Jioni za kiangazi watu hujaa kwenye daraja la kale, Alte Mainbrücke, glasi za divai mkononi, wamesimama katikati ya sanamu za watakatifu. Glasi unaiwekea dhamana, ukiirudisha unapewa hela yako, kama chupa za soda kwetu. Juu yako ngome ya Marienberg, ubavuni mizabibu. Unaweza kudhani mji haujawahi kuguswa, kumbe tarehe 16 Machi 1945 uliteketezwa kwa mabomu chini ya nusu saa. Mengi unayoyaona yamejengwa upya.

nesi_zamu_ya_usiku
Mzee kasema kweli, ila hajakwambia habari ya lafudhi. Watu wa Franken, yaani eneo la Würzburg, hasa wagonjwa wazee, t wanaitamka d, p wanaitamka b. Bibi mmoja aliniomba "Dabledden", nikaenda kutafuta dawa ya jina hilo kabatini. Kumbe Tabletten, yaani vidonge! Halafu usithubutu kuwaita Wabavaria, utanuniwa zamu nzima.

Kaka_wa_Danube
Na Regensburg je? Daraja letu la mawe ni la karne ya 12, na mji wa kale ulinusurika vita. UNESCO wameuorodhesha tangu 2006. Kama una mwenzio atakayekufuata, kazi zipo: BMW wana kiwanda hapa tangu 1986. München ni saa moja na nusu hivi kwa treni ya kawaida, na tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket inakupeleka.

Kasoro nazitaja mwenyewe. Tramu hatuna, na Juni 2024 wapiga kura waliukataa mpango wa kuijenga, kwa hiyo ni basi au baiskeli. Mwezi huohuo Danube ilifurika. Nenda kwenye kibanda cha soseji pale darajani utazame alama za mafuriko ukutani, ndipo utajua kwa nini nakwambia usipange chumba cha chini karibu na mto.

msomi_Bayreuth
Mbona hakuna anayeitaja Bayreuth? Chuo chetu kina kongamano la Kiswahili kila mwaka.

Kaka_wa_Danube
Hakuuliza, mkuu 😂

Binti_Kirumba
Asanteni. Vipi kuhusu chumba?

nesi_zamu_ya_usiku
Hapo ndipo pa kuamulia, dada, mengine ni mapambo. Waulize wote wawili kama wana Wohnheim, yaani hosteli, wakujibu kwa maandishi. Mimi mwaka wa kwanza nilimtumia mtu wa mtandaoni dhamana ya chumba ya miezi miwili, funguo sijaziona mpaka leo. Usitume hata senti kabla hujaingia mlangoni.

Binti_Kirumba
Mrejesho: Regensburg wamesema nijitafutie. Würzburg chumba kipo, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Nimesaini Würzburg.

Mzee_wa_Main
Karibu nyumbani. Ghorofa ya nne si kitu kwa mtu aliyezoea vilima vya mawe. Koti chukua la mtumba pale Mlango Mmoja, litakufikisha Novemba. La Januari tutalitafuta pamoja huku.