Kauntabuku kuvalishwa kitenge: gundi au kushona?

Nuru_Mwanga: Habari za jioni wapendwa. Nataka kuvalisha kauntabuku za A4, nyingine za zawadi, nyingine za wanangu walioko sekondari. Vipande vya kitenge ninavyo, vimebaki kwa fundi hapa Mwanga. Nimesikia njia tatu: gundi nyeupe ya mbao, uji wa ngano, na kushona koti la kuvua na kuvaa. Ipi itadumu hapa Kigoma mvua zikikolea?

Mama_Cherehani: Za watoto shona, mwanangu. Daftari la mwanafunzi linashinda kwenye begi na chupa ya maji. Koti linafuliwa, na daftari likijaa unalihamishia jipya. Funga daftari ndipo upime, ukingo wa mbele kupitia mgongoni hadi ukingo wa nyuma. A4 yenye unene wa sm 1.5 inakupa sm 43.5. Ongeza sm 7 kila upande za mfuko wa kuchomeka jalada, na sm 1 ya pindo. Ukipima likiwa wazi, koti litabana na daftari halitafunga.

Gungu_Kazi_za_Mikono: Mama amesema kweli kwa watoto, ila zawadi ni gundi ya mbao. Kitenge kikigandishwa vizuri kinakaa kama ngozi ya ngoma, hakuna koti linalofikia hapo. Fua kwanza, upige pasi: kitenge kipya kina ule ugumu wa kiwandani unaozuia gundi kushika. Gundi paka kwenye jalada, si kwenye kitambaa, tena nyembamba, la sivyo inapenya na kuacha madoa yasiyotoka. Mgongo uvalishe daftari likiwa limefungwa.

Pembe ndipo kazi nzuri inapoonekana. Acha sm 2 hadi 3 za kukunjia ndani, kisha kata mshazari bila kufika kwenye ncha. Bakiza upana wa kama unene wa jalada mara mbili; usipobakiza, kona itachungulia. Weka nailoni kati ya jalada na kurasa, lundika vitabu vizito, liache hadi asubuhi.

Mwl_Ujiji: Uji wa ngano tunautumia darasani kwa sababu ni rahisi na ni salama kwa wadogo. Kwa daftari la kutunzwa sikushauri hata kidogo. Una maji mengi, jalada linapinda. Mende na panya wanaufuata, na msimu wa mvua unaota ukungu.

Nuru_Mwanga: Asanteni sana. Na jalada likipinda hata kwa gundi ya mbao?

Gungu_Kazi_za_Mikono: Bandika karatasi ngumu kidogo upande wa ndani, ifunike na zile kingo za kitenge ulizokunjia ndani. Ikikauka inavuta upande wake, jalada linanyooka.

Dada_Kibirizi: Mimi natumia kanga, nakata jina litokee katikati ya jalada la mbele. Mama mkwe akipewa lenye maneno yake mazuri hataliweka chini. Lakini kanga ni nyepesi: kauntabuku ikiwa na jalada jeusi, bandika kwanza karatasi nyeupe, ndipo rangi zitokee.

Mama_Cherehani: Na jina ulipime kabla ya mkasi, dada. Maneno marefu hayaenei sm 21, chagua kanga yenye jina fupi.